Robo Saa ya Daktari Silasi

Dar es Salaam
12 Juni 1972

Swahiba wangu Elieza,

Hesabu mataruma yanayolaliwa na reli kutoka hapa hadi Usoke. Kila taruma ni salamu moja. Ukichoka kuhesabu, jua nyingine zimebaki Morogoro zinakunywa chai.

Mimi mzima, tena mzima wa kupendeza. Mchezo wangu wa redio, Zahanati ya Bondeni, jana umetimiza sehemu ya kumi na tisa, na kila Jumapili saa kumi alasiri nchi hii inasimama. Usicheke. Kariakoo nimemwona kinyozi ameacha kichwa cha mtu nusu msitu nusu jangwa kwa ajili ya Daktari Silasi. Na Daktari Silasi kazaliwa na nani? Na mimi, Darwesh bin Hilali, niliyefukuzwa darasa la sita pale Tabora kwa kumsahihisha mwalimu, nikahudumu miaka kumi na mmoja katika behewa la chakula, nikawamiminia chai mabalozi wa nchi ambazo hata ramani haizitambui. Leo wasomi wa hapa studio wananiuliza, "Bwana Darwesh, mgonjwa huyu afe au apone?" Nawaambia, "Ngojeni kwanza nimalize kahawa."

Lakini nikuambie la ndani, wewe tuliyekaa dawati moja mpaka wakanitoa. Daktari wangu ana kasoro moja: hana kasoro. Nilimchukua kwenye televisheni kule Nairobi, lile sanduku lenye watu ndani, nimeliona hotelini kwa macho haya mawili. Mlikuwa na daktari kijana wa Kizungu, koti jeupe, anapasua watu na jasho halimtoki. Nikamvua Uzungu, nikampa jina la Silasi, nikamhamishia kijiji cha ujamaa. Nyama ya ndani nikaichota kwako: unavyochemsha sindano, unavyomwambia mgonjwa "vuta pumzi, usivute hasira." Kwa hiyo Silasi ni wewe, ila hakosei. Na mtu asiyekosea, baada ya sehemu kumi na tisa, anachosha kama bwana harusi wa wiki ya tatu.

Nipe kitu, Elieza. Nipe siku uliyotetemeka. Unayo, nakujua, tangu utoto ukivunja chungu ulikuwa unakaa juu ya vigae.

Wako wa dawati moja,
Darwesh bin Hilali

*

Zahanati ya Kijiji cha Ujamaa Itobela
S.L.P. Usoke
25 Juni 1972

Ndugu Darwesh,

Salamu. Barua yako nimeipata Ijumaa. Nimeipata ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa ugali. Sikutanii, ugali kabisa, umekauka pembeni mwa bahasha. Barua za kijiji huchukuliwa Usoke na Raymundi, karani wa duka la ushirika, kwa baiskeli. Sisemi ni yeye. Nasema tu uandike ukijua kwamba tunasomwa.

La pili. Safari yako ya mwisho ulisimama stesheni ya Usoke ukawatangazia watu kwamba Daktari Silasi ni mimi. Tangu siku hiyo hapa sina jina. Watoto wananiita Silasi. Wazee wananiuliza kwa nini sina gari la wagonjwa kama la redioni. Nina baiskeli, Darwesh, na breki moja. Mimi si daktari hata. Mimi ni mganga msaidizi niliyesomea miaka mitatu. Nakuomba uache.

Kuhusu siku ya kutetemeka, hakuna jipya la kuandikia. Vidonda, kuhara, macho mekundu kwa moshi wa mabanda ya tumbaku. Mzee mmoja, Masolwa, alifariki wiki iliyopita kwa kichomi. Alichelewa kuletwa. Mambo ya kawaida.

Muuguzi wangu mpya, Bibi Benedikta, amerudi kutoka ruhusa Tabora. Ni mtu wa Bukoba, mchapakazi, haongei sana.

Ndugu yako,
Elieza Lugembe

*

Dar es Salaam
10 Julai 1972

Elieza, ewe kisima chenye kifuniko,

"Mambo ya kawaida"! Hivyo ndivyo unavyonifanyia mimi?

Nimepata barua nyingine kutoka huko kwenu. Haina jina, imetiwa saini "Msikilizaji Mwenye Uchungu." Muhuri wa posta ni wa Usoke. Nakunukulia: "Daktari wetu, ambaye ndiye Silasi wako, amemuua mzee kwa kumpiga sindano ya maji matupu, kwa sababu familia ilimnyima mbuzi. Haya hayakunong'onwa. Yalisemwa kwa sauti kubwa mbele ya kaburi, na wafiwa walisikia, wala hakuna aliyekanusha. Wewe unayemsifu kila Jumapili, unajua unamsifu nani?"

Nimeisoma mara sita. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikasema huyu kachanganyikiwa. Mara ya tatu nikaikumbuka barua yako: mzee, kichomi, alichelewa kuletwa, na hapo hapo ukarukia habari za muuguzi. Mimi nimekaa na abiria miaka kumi na mmoja, bwana. Mtu asiye na tiketi ndiye anayekuonyesha mandhari ya dirishani.

Sisemi umeua. Hata ningekukuta na kisu mkononi ningesema unamenya chungwa. Lakini kwa nini mtu mwingine anaijua habari kuliko mimi?

Na nikuambie kabisa, uso mkavu: nimeitia kwenye mchezo. Jumapili hii, sehemu ya ishirini na nne, Silasi anampiga mzee sindano ya maji, mzee anakufa. Ukiipata barua hii utakuwa umeshasikia. Usikasirike. Jina lako halimo, kijiji chako hakimo. Watayarishaji wamelia. Wamesema sasa Silasi ameanza kuwa na damu.

Kama si kweli, niandikie nijue. Kama ni kweli, niandikie nijue pia.

Darwesh

*

Itobela
21 Julai 1972

Darwesh,

Unajua umefanya nini?

Yule aliyesema mbele ya kaburi ni Chiloba. Mgogo. Fundi wa genge la kutengeneza reli hapo Usoke. Marehemu Masolwa alikuwa Mnyamwezi. Je, nikufundishe mimi, wewe uliyezaliwa Tabora, kwamba Mgogo na Mnyamwezi ni watani? Mababu wa Wanyamwezi walipita Ugogo na mizigo ya pembe za ndovu vichwani, wakauziwa maji, wakapigana visimani, wakapatana, na tangu hapo Mgogo akija msibani kwa Mnyamwezi ana ruhusa ya kulala ndani ya kaburi na kusema lolote mpaka apewe kuku. Chiloba alisema mimi nimeua. Alisema pia mjane ameshachumbiwa na posta masta, na kwamba marehemu hakufa bali amekimbia kulipa kodi ya kichwa ya mwaka 1938. Kwa nini "Msikilizaji" wako hakukuandikia hayo?

Watu walicheka siku ile. Mimi pia nilicheka. Kilikuwa kicheko cha msiba, kimekwisha, tumenawa mikono.

Kisha Jumapili tarehe 16 watu wote wako kwenye redio ya duka la ushirika, na redio inasema: mganga kampiga mzee sindano ya maji. Hakuna aliyecheka, Darwesh. Utani ukishatoka redioni si utani tena, ni taarifa ya habari. Raymundi alizima redio, watu wakatoka mmoja mmoja bila kuniaga.

Tangu Jumatatu ile nimeona wagonjwa wanne. Jana mama mmoja amepita mbele ya mlango wangu na mtoto mwenye homa mgongoni, akaenda Urambo kwa miguu. Nilimwita. Aliongeza mwendo. Mwenyekiti wa kijiji ameandika Tabora, na bwana mganga wa wilaya anataka maelezo yangu kwa maandishi. Ninaweza kupoteza kazi hii. Nimesimama kwenye mkutano nikasema mbele ya wote kwamba ule ulikuwa utani na mimi sina kosa hata la ukucha.

Sasa nijibu. Nani alikuandikia? Raymundi, aliyenyimwa cheti cha ugonjwa mwezi wa tano? Mama yako mdogo Bi Khole, ambaye duka lake limetazamana na posta na anajua kila bahasha inakwenda wapi? Au hakuna barua yoyote, na Msikilizaji Mwenye Uchungu ni wewe mwenyewe na kahawa yako?

E. Lugembe

*

Dar es Salaam
30 Julai 1972

Elieza ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini kwenye sakafu ya studio, watu wakanirukaruka.

Nimekosa. Nakuandikia neno hilo peke yake katika sentensi yake ili uone si mzaha.

Utani naujua. Nimetaniwa na Wazaramo tangu niliposhuka stesheni ya hapa, mmoja aliniambia Waarabu wa Tabora ni Wanyamwezi waliosahau kuoga. Lakini barua ile ilikuwa imenyooka kama shtaka la polisi. Haikutaja Mgogo, haikutaja kuku. Nikaimeza mzimamzima, mimi ninayejidai kunusa uongo kutoka behewa la tatu.

Kunusa, ndiyo. Nimeichukua tena nikainusa. Inanuka iodini. Wino wa buluu, maandishi ya shule ya masista, kila herufi imepiga magoti. Raymundi namjua, anaandika kama kuku aliyekoswa na gari. Mama mdogo haandiki herufi za Kizungu kabisa. Tazama ndani ya zahanati yako mwenyewe, Elieza, mtu wa mbali, ambaye kwao hakuna Mgogo wa kulala kaburini.

Nitarekebisha. Sehemu ya ishirini na tisa Silasi anasafishwa, maiti inapimwa, dawa inaonekana ilikuwa safi, kijiji kizima kinamwomba radhi na ngoma juu. Na nitamwandikia bwana mganga wa wilaya kwamba yote nimeyatunga mimi kwa ujinga wangu wa darasa la sita. Waache wanifukuze. Mimi kazi hazinishindi, nimewahi kuuza soda kwenye mlima wa Saranda, treni ikienda.

Nimemwandikia pia mama mdogo Khole anieleze msiba ulivyokuwa, neno kwa neno, ili nikujengee utetezi usiovuja.

Mkosaji wako,
Darwesh

*

Usoke
6 Agosti 1972

Kwa mwanangu Darwesh,

Wa alaykumu salaam. Nakuandikia kwa herufi za chuoni, za Kiarabu. Huyo afungaye bahasha za watu kwa ugali na asome sasa, tumwone.

Umeniuliza msiba wa Masolwa. Nilikuwepo, nilipeleka mchele. Chiloba alikuja na shati lake amelivaa nyuma mbele, kama koti la daktari. Shingoni kamba ya katani. Akawa anawapima vifua waombolezaji, anamwambia mmoja, "Wewe moyo huna, una deni." Tulicheka mpaka mjane akacheka. Akasema habari za sindano ya maji na mbuzi, ni kweli, maneno ya kuchangamsha.

Kisha akafanya jambo jingine. Alichukua tofali, akaliweka sikioni kama redio. Akainama juu ya jeneza, akagonga taratibu, akasema: "Mzee, vumilia kidogo. Bado robo saa mchezo uishe."

Hapo wageni walicheka. Watu wa nyumba ile hawakucheka. Anton, mtoto wa marehemu, alitazama chini. Mganga Elieza alicheka kuliko watu wote, na alicheka peke yake.

Mwanangu, mimi nimekaa dukani miaka thelathini. Mtani haokoti neno hewani. Kuna lile analotunga na kuna lile analotumwa. Mfiwa hawezi kumshika mganga koo mbele ya maiti, basi anamnong'oneza mtani.

Usiniulize zaidi. Na huo utetezi wako usiovuja, uchunguze kwanza ndoo.

Mama yako mdogo,
Khole binti Salmini

*

Dar es Salaam
14 Agosti 1972

Elieza,

Nina swali moja tu, na leo sina kichekesho.

Siku aliyoletwa mzee Masolwa, ilikuwa Jumapili? Ilikuwa saa ngapi?

Sehemu ya ishirini na tisa nimeisimamisha. Barua ya bwana mganga wa wilaya nimeiandika lakini iko mezani. Siwezi kumwapia mtu kitu ambacho wewe mwenyewe hujaniapia.

Darwesh

*

Dar es Salaam
2 Septemba 1972

Elieza,

Wiki ya tatu sasa, huandiki. Kila mfuko wa posta unaotoka bara naufuata kama mchumba. Nimeanza kuwaza vibaya: labda barua zimefunguliwa zikatupwa, labda umehamishwa, labda umeamua mimi si mtu wako. Jana nimejikuta namchukia Chiloba, mtu ambaye sijamwona, kwa sababu anakujua kuliko mimi.

Kama ni kosa, hakuna chungu nisichoweza kukaa juu ya vigae vyake pamoja nawe. Niandikie hata tusi.

Darwesh

*

Itobela
5 Septemba 1972

Ndugu yangu Darwesh,

Barua hii naipeleka Usoke mwenyewe kwa baiskeli na kuitia sandukuni kwa mkono wangu.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 18 Juni, saa kumi na dakika chache. Sehemu yako ya ishirini. Mvua, daraja limevunjika, mama mjamzito ng'ambo, Silasi amefunga mkoba wake kichwani anaingia mtoni. Benedikta alikuwa Tabora, alirudi siku ya maziko; siku ile mimi peke yangu.

Wakafika na mzee juu ya machela, Anton mbele. Nilitoka mlangoni na redio mkononi. Nilimwona mzee anapumua kwa mbavu. Nilijua ni kichomi, tena kikali. Sikuhitaji hata kumgusa. Nikasema, "Mlazeni kivulini, nachemsha sindano." Nilikuwa nimeshaziweka motoni. Lakini zilichemka, Darwesh. Zilichemka zikamaliza, maji yakawa yanamwagikia makaa, naisikia ile shhh, na mimi nimekaa na redio mapajani, nataka kujua kama nitavuka mto.

Soma tena hapo nilipoandika "nitavuka." Sikukosea. Kule mtoni nilikuwa mimi. Mimi mwenye gari la wagonjwa, mimi nisiyetetemeka. Wewe ulidhani unachota kwangu kumpa Silasi. Nami nilikuwa nakuchota wewe kila wiki ili niweze kuamka Jumatatu. Huyu wa nje kivulini alikuwa anamngoja mwingine, yule wa baiskeli yenye breki moja, na mimi sikutaka kuwa yule kabla muziki wa mwisho haujapigwa.

Robo saa. Kisha nikatoka, nikampiga penisilini, dawa nzuri, kipimo sawa. Alifariki kabla jua halijazama.

Ungeniuliza kama mganga: je, robo saa ingemwokoa? Ningekujibu: labda hapana, alikuwa amechoka sana. Hilo "labda" ndilo ninalolala nalo. Nilikuandikia kwamba alichelewa kuletwa. Aliletwa. Aliyechelewa ni mimi.

Nilijificha nyuma ya utani wa Chiloba. Wewe uliponiletea lile la uongo, sindano ya maji, mbuzi, nilikasirika kwa sauti kubwa sana, na ndani nilikuwa nashukuru. Uongo ule ulikuwa rahisi kukanusha.

Aliyekuandikia ni Benedikta. Nilimuuliza wazi, akajibu wazi: "Kwetu, mtu akisema juu ya kaburi kwamba fulani ameua, ama ana shahidi ama ana wazimu. Huyu hakuonekana na wazimu." Kisha akaniuliza, "Na wewe, Mganga, kwa nini kila Jumapili sasa unafungia redio kabatini?" Amekuwa akinitazama, Darwesh. Miezi miwili tumefunga vidonda meza moja, tukishukiana kama wachuuzi wa tumbaku kwenye mizani.

Usimpelekee bwana mganga barua yako. Usijitwike. Maelezo yangu nimemwandikia leo, yote, na dakika zake. Jumamosi nitakwenda kwa Anton mbele ya wazee. Na Silasi usimsafishe. Nakuomba sana. Ukimsafisha, mimi nitaoza.

Elieza

*

Itobela
19 Septemba 1972

Darwesh,

Samahani kwa mwandiko, viganja vimetoka malengelenge. Nitakueleza.

Jumamosi ile tulikaa uani kwa marehemu. Anton, mjane, wazee wanne, mwenyekiti, na Chiloba, ambaye alikuja bila kuitwa. Nilisimama nikaeleza kama nilivyokuelezea. Nilipofika kwenye redio mapajani, nilimtazama Chiloba, nikitegemea atanirahisishia kwa neno la kuchekesha. Hakunirahisishia. Alikuwa amevua kofia.

Anton akasema, "Tulijua."

Nikamuuliza, "Mlijua tangu lini?"

"Tangu mlangoni. Redio ilikuwa mkononi mwako, na sisi masikio tunayo. Tulisikia daraja likivunjika kama ulivyosikia wewe."

"Basi kwa nini hamkusema?"

"Tulisema. Tulimtuma mtani akuambie, ukacheka. Tukasema labda ana haya, ngoja tumpe siku. Redio ikaja na uongo wake, ukasimama mkutanoni ukasema huna kosa hata la ukucha. Hapo ndipo watu walipoacha kuja kwako, Mganga. Si kwa sindano ya maji. Hilo hakuna aliyeliamini hata mtoto. Watu walisema: huyu akikosea hatatuambia."

Darwesh, nimesoma dawa miaka mitatu na hakuna mwalimu aliyeniambia maneno hayo.

Mjane akaomba maji, akanywa, akasema: "Mwenzangu alikuwa na vitalu vya tumbaku. Kila alfajiri na kila jioni alimwagilia mwenyewe. Sasa ni msimu wa kusia mbegu, na mgongo wangu umekufa. Utamwagilia wewe mpaka miche ihamishwe shambani. Yaani mpaka mvua za kwanza. Baada ya hapo sina neno nawe."

Wazee wakaitikia. Ndiyo hukumu yangu. Chiloba akavaa kofia yake, akasema, "Mnyamwezi kampa Mungu mgonjwa, kapewa mtumwa," na hapo ndipo watu walipocheka, na mimi sikucheka, nikalia, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Madebe ishirini alfajiri, ishirini jioni, na kutoka kisimani mpaka kwenye vitalu ni mwendo kama wa stesheni hadi duka la mama yako mdogo. Siku ya tatu mama mmoja akanifuata pale pale kitaluni na mtoto anayekohoa. Nikaweka debe chini, nikalaza sikio mgongoni mwa mtoto. Siku iliyofuata wakaja wawili. Benedikta sasa ananiletea mkoba kitaluni, ananuna, lakini analeta.

Raymundi amekiri ni yeye wa ugali. Anasema alitaka tu kujua Silasi atafanya nini Jumapili kabla ya wengine. Nimemsamehe, ugonjwa wake naufahamu.

Jibu la bwana mganga wa wilaya limekuja. Onyo kali la maandishi, na uhamisho kwenda Igunga. Nimemwandikia nikiomba nisihame mpaka miche itoke kitaluni. Hajajibu. Anaweza kukataa. Akikataa, nitakuwa nimeondoka na deni kwa yule mama, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko onyo.

Elieza

*

Dar es Salaam
29 Septemba 1972

Elieza ndugu yangu,

Nakuandikia upesi maana kuna mambo ya kufunga.

Sehemu ya thelathini na nne imekwenda hewani Jumapili. Sikumsafisha Silasi. Amesimama uani kwa watu akasema, "Aliletwa mapema. Niliyechelewa ni mimi." Basi. Hakuna ngoma. Mwigizaji wangu aligoma kwanza, akasema shujaa hawezi kusema hivyo, nikamwambia basi mtafute shujaa, mimi nimeandika mtu. Barua zimekuja gunia zima. Nusu wanataka Silasi afukuzwe kazi. Bibi mmoja wa Kilosa ameandika kwamba sasa angemkubalia amtibu mjukuu wake. Miezi minane nimemvalisha koti jeupe, na watu hawajawahi kumzungumzia kama mtu anayekaa jirani mpaka alipolichafua.

Jina lako halimo, safari hii kweli halimo. Nimewaambia Usoke wote kwa barua, kupitia mama mdogo, kwamba Silasi nilimtoa Nairobi kwenye sanduku na nilidanganya pale stesheni kwa kupenda makofi. Mama mdogo amejibu kwamba walijua.

Sasa sikiliza. Nimeisoma barua yako ya tarehe tano mpaka imechanika mikunjo. Lile daraja nililivunja mimi. Niliandika sehemu ile nikijua watu wataganda, nikajisifu wiki nzima kwamba hakuna atakayeweza kusimama kabla ya muziki. Nilitaka hivyo hivyo, Elieza: watu wakae. Wewe ulikaa. Kukaa kwako ni kosa lako, sikunyang'anyi. Lakini aliyekuwekea kiti ni mimi, na kwenye baraza lile kwa mjane kulikuwa na mtu mmoja hakufika.

Nimeomba ruhusa ya mwezi mzima, wameninyima, nimeichukua. Jumamosi tarehe 7 Oktoba nashuka Usoke kwa treni ya Kigoma. Mwambie yule mama kwamba mgao wa jioni una mtu wake, hajui kilimo, ana kelele, lakini mabega anayo. Bwana mganga akikuhamishia Igunga kabla ya mvua, nenda bila wasiwasi. Mimi nitabaki na miche.

Nitafutie ndoo.

Darwesh bin Hilali